Tangi la Makaa Lililolishwa Uji

Mliniomba niwaandikie jinsi kitengo cha maji taka kilivyoanza. Nadhani mlitaka ukurasa mmoja wa kubandika ukutani, karibu na ile picha ya meneja akipanda mti. Poleni. Mimi nikianza kusema huwa sikatiki, na sasa nimestaafu, hakuna wa kuniambia Mshai rudi kazini. Vyeo sitavitaja kwa sababu havikuwa vingi, na mshahara kila mtu anaujua uchungu wake. Nitawasimulia habari za lile tangi mnalolipita kila asubuhi, na za mtu aliyenifundisha kulitunza, maana nimegundua hamjui hata jina lake.

Siku yangu ya kwanza kazini sikuliona tangi wala kiwanda. Nilipakiwa kwenye pikapu, tukaenda Miasenyi kuwabembeleza askari wa misitu. Lori letu kutoka Mombasa lilikuwa limezuiliwa pale barabarani kwa kosa la kubeba makaa bila kibali. Sikumlaumu yule askari. Hapa kwetu miti imekatwa mpaka vilima vinaonekana mbavu, na gunia jeusi likichungulia kwenye lori nani atauliza maswali? Tuliyekwenda naye alikuwa Wekesa, msimamizi wa maji taka, mtu mrefu, mkavu, anayeongea polepole mpaka unatamani kummalizia sentensi. Baba yake aliletwa huku na kazi ya reli kutoka Bungoma, yeye akazaliwa hapa Voi na kubaki. Alipanda juu ya lori, akafungua gunia moja, akammiminia askari chembe nyeusi kiganjani.

"Hivi ni vifuu vya nazi, afande," akasema. "Vimechomwa, halafu vikapigwa mvuke mkali mpaka vikawa na vitundu ndani visivyoonekana kwa macho. Hata ukivitia jikoni chai yako haitachemka leo. Hizi ni nyumba."

"Nyumba za nani?"

"Za wadudu."

Askari alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama dereva. Kisha akatuambia twende zetu, nadhani kwa kuogopa tutaendelea kumweleza.

Kiwanda kilikuwa kile kile cha mazulia na kamba za mkonge, kidogo kuliko mnavyokiona sasa. Mkonge ukishatiwa rangi, maji yanayobaki huwa mekundu, au ya buluu, au ya rangi ambayo sijui iliitwaje, na yote yalikuwa yakienda kwenye laga, ule mto wa msimu unaoteremka Marungu. Huko watu huchimba visima kwenye mchanga, wakanywesha ng'ombe na kumwagilia mboga. Malalamiko yakawa mengi, ndipo akaletwa Injinia Mutua kujenga tangi. Huyo alikuwa mwalimu hasa. Alituketisha chini, akatueleza kwamba makaa ya namna ile peke yake huishika rangi vizuri sana, lakini vitundu vikijaa kazi imekwisha, unayatupa na kununua mengine. Ukiwapa bakteria nafasi ya kukaa humo ndani, makaa yanaishika rangi na wao wanaila. Wanatoa vimeng'enya, kama vile vilivyomo kwenye mate yetu, vinavyoikata rangi vipande vipande mpaka inalainika na kuliwa. "Makaa ni nyumba na ghala," akasema. "Lakini mwenye kufanya kazi ni mpangaji. Msije mkamfukuza mpangaji."

Injinia alipokwenda, kazi ya kila siku ilibaki kwa Wekesa na mimi. Wekesa alinifundisha kwa mikono. Asubuhi unachota makaa kidogo, unayasugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Yakiteleza kama bamia, wapo. Yakikwaruza, una msiba. Halafu unanusa. Harufu ikiwa ya udongo uliolowa mvua, endelea na kazi yako. Ikiwa ya yai bovu, hewa haifiki chini, kimbia ukaangalie pampu. Mimi nilikuwa na cheti changu cha maabara, na vichupa vyangu vya kupimia, na nilivitumia. Lakini nilijifunza kutia mkono kwanza. Ninyi siku hizi mnavaa glavu ndefu. Sawa, vaeni, lakini mara moja moja vueni.

Kesi yetu ngumu ya kwanza ilikuwa wiki ile watu wa rangi walipomwaga magadi makali yote ya kusafishia mapipa bila kutuambia. Tangi likanyamaza. Hakuna povu, hakuna utelezi, maji yanatoka ya buluu vile vile yalivyoingia. Wekesa alikwenda chumba cha rangi, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akipaza sauti. "Mimi nina wafanyakazi mle ndani wengi kuliko wa kiwanda hiki chote, na mmewamwagia magadi!" Walimcheka. Tangu siku hiyo wakawa wanamwita Bwana Meneja, na wakimwona wanauliza kama wafanyakazi wake wamelipwa. Tangi lilipona taratibu, kwa kulitia tope lake lenyewe lililobaki chini, na subira. Subira yenyewe ilikuwa ya Wekesa. Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa.

Kisha mazulia yakakosa soko. Mwenye kiwanda alituita uwanjani, akasema tunafunga kwa muda, akaondoka na gari lake na hatukumwona tena. Ulikuwa mwaka wa kiangazi kikali. Watu walitawanyika, wengine mashamba ya mkonge ya Mwatate, wengine kwao. Wale wa laini, yaani nyumba za kampuni, kama Wekesa na familia yake, walibaki kwa sababu hawakuwa na pa kwenda. Mimi nilikaa kwa sababu nilikuwa nimepanga chumba hapa Voi na nikiona haya kurudi nyumbani mlimani mikono mitupu.

Sasa fikirieni jambo hili. Kiwanda kimefungwa, maji ya rangi hayaji, na wale waliomo kwenye makaa chakula chao ni yale maji. Wekesa akaniambia, "Mshai, hawa wakifa, siku ya kufungua maji yatatoka machafu. Watu wa mazingira watakuja kupima, watakataa, na kiwanda hakitafunguka tena. Hiyo itakuwa kazi ya watu wote imekwenda." Alikuwa sahihi, na ndiyo maana nilishindwa kumpinga alipoanza kulisha tangi.

Alilinywesha uji mwembamba kutoka nyumbani kwake. Alikwenda kwa mama mmoja aliyekuwa akipika mbangara, akaomba machicha ya pombe hiyo. Mkojo nao alisema una faida yake, akauweka, na mengine msiniulize. Kulikuwa na masalio ya unga wa rangi stoo. Kila alipowalisha alitia chembe kidogo, ili wasije wakazoea uji wakasahau rangi. Stima ilikuwa imekatwa, pampu ya hewa imelala, basi tulikuwa tukichota maji ya tangi kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu yapate hewa, tunabadilishana, jua linatuchoma utosini. Waliopita nje ya ua walidhani ni kichaa. Mmoja alituuliza kama tunafua makaa.

Siku moja Mama Nafula, mke wa Wekesa, alikuja mpaka pale tangini ameshika sufuria tupu. Alikuwa mwanamke mpole, sijawahi kumsikia akigombana hata foleni ya maji.

"Baba Nafula," akasema, "nionyeshe huyo mtoto unayemlisha. Nataka nimwone uso."

Wekesa aliinama, akachota makaa, akamnyooshea kiganja. Maji meusi yakawa yanamdondoka kwenye vidole.

"Haya yakifa, kiwanda hakifunguki."

"Na Nafula akilala njaa?"

Mama Nafula aliyaangalia yale makaa kwa muda, nadhani akitafuta kwa kweli kitu cha kuona, kisha akarudi nyumbani. Siku ile nilimchukia Wekesa, nasema wazi. Nilimwona mtu mwenye roho ya jiwe. Kesho yake nikaja na maji niliyochemshia mihogo, nikayamimina tangini mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimeshasugua makaa na yalikuwa yanaanza kukwaruza.

Mama Nafula alianza kuuficha unga. Wekesa akawa anapewa uji wake mwenyewe kwenye kikombe, ananywa nusu mbele ya watoto, nusu anakuja nayo kazini. Alikonda mpaka mkanda ukaongezwa matundu kwa msumari. Hakuna aliyekuwa akitulipa, wala aliyetutuma.

Mwishowe kiwanda kikanunuliwa. Sitamtaja mnunuzi, naye ameshauza, na aliyepo sasa hakuhusika na haya. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo watu walivyosema wakirudi na mabegi yao. Watu wa mazingira walikuja kabla hata mashine ya kwanza haijawashwa vizuri. Rangi nyekundu ikatiwa, maji yakaingia tangini, sisi tukasimama pembeni. Upande wa pili yakatoka meupe. Afisa aliyanusa, akajaza chupa yake, akasema hajaona tangi lililofungwa muda mrefu likaamka siku ile ile. Kibali kikatoka. Watu walimbeba Wekesa juu juu, wakiimba Bwana Meneja, na safari hii hawakuwa wakimdhihaki. Mama Nafula alisimama mlangoni kwake akitazama, hakucheka wala hakulia.

Laiti ningeweza kuwaachia hapo.

Baada ya muda niliona kitu kisichoingia akilini. Mazulia yanayotoka ni mengi kuliko zamani, lakini maji yanayoingia tangini ni kidogo. Nikamuuliza Wekesa, akasema labda wameanza kutumia maji kwa uangalifu. Alitaka iwe hivyo. Kisha Wakesho, mdogo wangu aliyeolewa Marungu, akaja kwangu na jerikeni. Alikuwa na shamba la sukuma wiki na vitunguu kando ya laga, ndilo lililokuwa likisomesha wanawe. Alinimiminia maji kwenye beseni. Yalikuwa mekundu.

"Dada, haya si ya kwenu?"

"Yetu hutoka meupe. Mimi mwenyewe nayapima."

"Basi Mungu ameanza kutia rangi kisima changu," akasema. "Sokoni wameniambia nirudi na mboga zangu. Ng'ombe wanasogea, wananusa, wanaondoka."

Tulifuata ua, Wekesa na mimi, tukalikuta bomba jipya lililozikwa. Tulikuwa tumeambiwa ni la maji ya mvua. Mvua ipi, mwaka ule? Maji mengi ya rangi yalikuwa yakipita humo moja kwa moja hadi laga, kwa sababu kuendesha pampu za hewa kwa maji yote ni gharama ya stima. Tangi letu liliachiwa kiasi cha kulifanya liishi, ili watu wa mazingira wakija wachote kwenye koki yake.

Wekesa alikwenda kwa meneja wa wakati ule. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Maji ya tangi ni safi au si safi?" meneja akamuuliza.

"Ni safi."

"Basi. Wewe ndiye uliyetufungulia kiwanda, mzee. Usikivunjie heshima."

Wakesho na majirani walikwenda kwa chifu, chifu akaita watu wa mazingira, wakaja. Walipelekwa kwenye koki ya tangi, wakachota, wakapima, wakaondoka. Mdogo wangu alisimama nje ya geti na jerikeni lake, gari likampita. Waliahidi kurudi Jumatatu iliyofuata kumaliza taarifa yao. Wekesa alirudi kwenye pampu yake. Nilidhani ameshindwa, nami nilikuwa nimeshindwa.

Jumamosi mchana, wafanyakazi wakiwa wamekwenda kula, alinikuta maabara. "Njoo unisaidie na koki ya maji ya moto," akasema. Ni ile ya boila, inayopeleka maji yanayochemka kwenye mapipa ya rangi. Alikuwa ameshaunga mpira kutoka kwenye bomba lile mpaka juu ya tangi.

Nilielewa papo hapo. Yale makaa vitundu vyake vilikwishajaa zamani; kazi yote ilikuwa ikifanywa na waliomo ndani. Ukiwaua, kilichobaki ni changarawe nyeusi, na Jumatatu rangi itapita mpaka kwenye chupa ya afisa.

"Baba Nafula, watafunga kiwanda," nikamwambia. "Watu wamerudi juzi tu. Watakula nini?"

"Najua."

"Wewe mwenyewe utafukuzwa. Na nyumba ni ya kampuni."

"Najua, Mshai."

"Uliwalisha wewe. Uliwanyima watoto wako ukawapa hawa."

"Niliwalisha ili maji yawe safi," akasema. "Sasa wamefanywa mashahidi wa uongo, na mimi ndiye niliyewaweka hai."

Nilikataa kugusa koki. Aliifungua mwenyewe. Mvuke ulipanda, na ikaja harufu, si ya udongo wa mvua wala ya yai bovu, ni kama ya uboho unaopikwa. Alisimama pale mpaka mwisho ameweka mkono wake juu ya ukingo wa tangi, na lilipokuwa la moto sana bado hakuutoa. Nililia. Yeye hakulia.

Jumatatu maji yalitoka mekundu kwenye koki. Meneja alisema ni hitilafu ndogo. Wekesa akasogea mbele ya wote, mkono umefungwa kitambaa. "Nimewaua mimi," akamwambia afisa. "Sasa njoo nikuonyeshe bomba, ujue kwa nini." Akawatangulia.

Kiwanda kilifungwa siku hiyo hiyo. Na sasa nawaambia jambo ambalo wale wazee wenu wa chumba cha rangi hawatawaambia. Hakuna aliyemkasirikia mwenye bomba. Yeye alikuwa mbali, na alikuwa mwenye mali. Walimkasirikia Wekesa, aliyekuwa karibu. Waliombeba juu juu walimpita njiani bila salamu. Duka la laini likakataa kumuuzia Mama Nafula hata chumvi. Alipofukuzwa na kuambiwa ahame, hakuna aliyemsaidia kubeba kitanda. Tulikibeba mimi na Wakesho, tukakifikisha stendi. Mama Nafula aliniaga kwa kunishika mikono yote miwili. "Kazi itapatikana mahali," akasema. "Lakini ule unga, Mshai. Ningewapa wanangu." Wekesa alisikia, akageuza uso upande wa barabara.

Miezi ilipita. Mwenye kiwanda alilazimishwa kuliziba bomba kwa zege na kununua makaa mapya, nami nikaitwa. Niliitwa mapema kwa sababu hakuna mwingine aliyejua tangi. Wenzangu wengi hawakuitwa kabisa. Wengine waliuza mifugo yao wakingoja. Sikuwa na mbegu ya kuanzishia. Nilijaribu tope la kutoka sehemu nyingine likakataa, halikuijua rangi yetu. Kisha nikawaza, rangi imekwenda wapi muda wote ule? Nikaenda kwa mdogo wangu Marungu, nikachimba matope kwenye mfereji wa shamba lake lililokufa, pale palipokuwa pekundu kuliko pote. Waliozoea kuila rangi walikuwa wamejaa pale. Niliwaleta kwa ndoo, nikawamimina juu ya makaa mapya, nikakaa nao. Siku moja asubuhi nilitia mkono na makaa yakateleza. Hao ndio waliomo mpaka leo. Wakesho alilima tena baada ya misimu kadhaa, lakini vitunguu havijarudi kuwa vile.

Wiki iliyopita mliponiaga mlipika pilau nzuri, asanteni, ingawa hotuba zilikuwa ndefu. Nilipopewa nafasi ya kusema nilimtaja Wekesa. Ninyi vijana mlitazamana. Wale wa zamani, niliokula nao shida, waliinamia sahani zao. Mmoja aliinuka kwenda kunawa mikono na hali chakula chake hakijaisha.

Jioni nilimpigia simu Bungoma. Amezeeka, sauti imekuwa nyembamba. Nikamwambia nimestaafu, akanipongeza. Nikamwambia maji bado yanatoka meupe, akasema vizuri, hakuuliza zaidi.

"Mshai," akasema, "wale watu wamenisamehe?"

Ningeweza kumdanganya. Yuko mbali, hatarudi huku, nani angemwambia? Lakini yule hakunifundisha kupima maji nikaandika ninachotaka.

"Bado, Baba Nafula."

"Hata kazi iliporudi?"

"Bado."

Akasema sawa. Kisha nikamsikia akigeuka kumwambia mtu aliyekuwa karibu naye, nadhani Mama Nafula, "Anasema bado."